Mchumba Kutoka Ndaki ya Mwisho

"Daktari, hebu niangalie hili goti. Likipigwa na baridi kidogo tu, silali."

Mjomba alikuwa ameshapandisha suruali na kuutupa mguu juu ya stuli, sahani bado ziko mezani. Kijana aliyeambiwa maneno hayo aliweka kijiko chini. Akamgeukia msichana aliyemleta nyumbani hapo kwa mara ya kwanza, akamtazama kama anayeuliza kitu. Msichana akajifanya anatafuta chumvi.

"Pole sana kwa goti, mjomba," kijana akasema. "Lakini mimi si daktari. Niko Ndaki ya Elimu, nasomea kufundisha watoto wasiosikia."

"Elimu?" Mjomba akaishusha suruali taratibu. "Sisi tumeambiwa mnasoma darasa moja huko Tiba."

Hapo msichana, ambaye nyumba nzima ilimwita Dokta tangu siku majina ya waliochaguliwa yalipotoka, alitamani sakafu ipasuke immeze. Mwongo njia yake fupi, na yake ilikuwa imeishia kwenye goti la mjomba.

Katika nyumba ile ndaki za chuo kikuu zilipangwa kama timu kwenye ligi. Mjomba hakuwa amesoma chuo, lakini alama za kuingilia alizijua kuliko ofisi ya udahili. Kileleni Tiba, ikifuatiwa na Uhandisi, Sheria, Biashara, na mkiani kabisa, akishatua kikombe chake cha chai, Elimu. "Huko wanaingia wote," alizoea kusema, na mama yake Dokta, fundi cherehani aliyemsomesha binti yake kwa sindano na uzi, alikuwa akicheka mpaka mkasi umtoke mkononi. Basi siku mama alipouliza kwa simu kijana wake yuko ndaki gani, Dokta alisikia mjomba akikohoa pembeni, ulimi ukateleza. "Hukohuko kwetu," akasema.

Kijana mwenyewe wenzake walimwita Mikono, maana aliongea kwa mikono ingawa mdomo alikuwa nao. Dokta alimpenda siku alipomwona kantini akipiga soga na rafiki asiyesikia aliyekaa ukuta wa pili, makelele ya watu wote yako katikati yao, na wao wanacheka kwa raha zao. Alikuwa hajawahi kuona watu wakisikilizana vile.

Mikono alimaliza kula kwa adabu, akashukuru, akaaga. Hakumsemea mtu. Mlango ulipofungwa tu, mama akamkazia binti yake macho.

"Kumbe na wewe amekudanganya?"

Dokta alifungua kinywa. Akamwona mjomba, akamwona mama alivyovimba kwa uchungu wa mwanawe, akainamisha kichwa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mama akakisoma kichwa kilichoinama jinsi alivyotaka.

Jioni hiyo ujumbe ukaingia kwenye simu ya Dokta. Mikono alikuwa amemtumia maneno aliyoandikiwa na mama:

"Kijana, umemdanganya binti yangu, ukaja kula kwangu na uso mkavu. Usimsogelee tena."

Chini yake aliongeza yake mwenyewe: "Sijamjibu. Nilidhani ungekuwa umeshamwambia."

Dokta akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, akaandika, akafuta, akaandika upya. Jibu lilikuja siku ya pili. "Wiki hii nina kazi ya usaili wa wanafunzi wapya. Tafadhali niache niifanye." Alilia darasani, mbele ya mchoro wa moyo wa binadamu, na wenzake wakadhani ni mtihani.

Akaamua kumfuata. Ndaki ya Elimu ilikuwa ng'ambo ya viwanja vya michezo, na katika miaka yake mitatu pale chuoni hakuwahi kuvuka kwenda huko. Ukumbi ulikuwa umejaa vijana kwenye mabenchi, wengine wamekaa sakafuni. Mlangoni alisimama mkufunzi, mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani.

"Hawa wote ni waombaji?" Dokta akauliza.

"Na wengine wako nje. Tunachukua darasa moja tu."

"Lakini alama zenu za kuingilia si ndogo?"

"Ni ndogo, ndiyo maana wanakuja wengi. Alama zinakufikisha kwenye benchi hili, mwanangu. Humo ndani wanaochagua si sisi."

Dokta akaeleza kwamba alimtaka Mikono mara moja tu. Mkufunzi akasema chumba kile haingii mtazamaji, watoto hawapendi. Anayeingia anafanya usaili, asiyetaka asubiri mpaka jioni. Dokta alikuwa hajashindwa mtihani hata mmoja maishani. Akaingia.

Waliochagua walikuwa watoto. Kila mwombaji aliwekewa mtoto mmoja asiyesikia na kadi yenye neno, akatakiwa amfahamishe mtoto neno hilo bila sauti. Mtoto akiinuka na kuondoka, usaili umekwisha. Dokta alipewa binti mdogo aliyepoteza jino la mbele, na kadi ikasema: kesho.

Akaona ni jambo jepesi. Akanyoosha kidole kwenye kalenda ukutani, tarehe ya leo, kisha tarehe inayofuata. Mtoto akakitazama kidole, akaitazama kalenda, akapiga miayo. Dokta akarudia kwa nguvu zaidi, kijasho chembamba kikimtoka, na bila kujijua akaanza kunong'ona, "Kesho, kesho." Mtoto akagusa sikio lake na kutikisa kichwa, kwa upole wa mwenyeji anayemwelekeza mgeni. Kisha akainuka, akaenda zake.

Alienda moja kwa moja kwa Mikono, aliyekaa na watoto wengine pembeni, akaanza kuuvuta mpira uliokuwa kwapani mwake. Amechoka na wageni, anataka kucheza sasa hivi. Mikono hakumnyang'anya. Alijilaza palepale kwenye saruji, kiganja chini ya shavu, macho akayafumba. Akaamka, akajinyoosha, akanawa uso kwa maji yasiyokuwepo, ndipo akajifanya anamrushia mpira.

Mtoto akafikiri. Akajilaza haraka, akafumba macho, akaruka juu na kunyoosha mikono: haya, nimeamka, lete mpira.

Chumba kizima kikacheka. Mikono akacheka pia, akatikisa kichwa, akauzungusha mkono mzima kutoka dirisha moja hadi jingine, jua lizame, jua lichomoze. Mtoto akanuna. Lakini akakaa.

Dokta alisimama pale akaona jinsi alivyompenda yule kijana, na jinsi alivyomkosea. Vyote viwili vilimuuma mahali pamoja.

Mapumziko yalipofika Mikono akatoka, akaketi mwisho wa benchi.

"Umeshindwa," akasema.

"Nimeshindwa. Na huko Tiba ninakoringa nako, hakuna mtu aliyenitazama usoni. Kompyuta ilisoma alama zangu, ikanipa nafasi."

"Usizidharau. Alama zile ulizitolea jasho. Mimi nisingezipata hata ningezaliwa mara mbili, na naona fahari ninavyokuona na vitabu vyako." Akamgeukia. "Kusema niko Tiba nilishakusamehe. Watu huogopa kwao. Kilichoniumiza ni kuitwa mwongo, na wewe upo, umekaa kimya."

"Nitamwambia mama."

"Siyo kwa simu. Na usinipambe. Sema nilivyo."

Jumapili wakaenda pamoja. Mama alifungua mlango, futi ya kupimia ikiwa shingoni, akamwona Mikono, akasimama katikati ya njia.

"Huyu amefuata nini hapa?"

"Mama, aliyekudanganya ni mimi," Dokta akasema. "Yeye hakuwahi kujificha. Nilisema yuko Tiba kwa sababu mjomba akiitaja Elimu, wewe hucheka. Na ulipomwita mwongo, nikakuacha uamini."

Mama alimtazama mwanawe. Kisha akaivua futi shingoni, akaikunja, akamgeukia kijana.

"Mwanangu, nilikuandikia maneno ambayo hayakuwa yako. Nisamehe."

"Yameisha, mama."

"Hayajaisha. Huyu binti mimi ndiye niliyemfundisha kwamba ukweli wa mtu kama wewe hautoshi." Akapisha mlango. "Ingia. Wewe Dokta, tutaongea baadaye."

Ndani, mjomba alikuwa amesikia yote. Akamkaribisha kijana kiti, akamwomba radhi kwa niaba ya goti, akanywa chai yake. Lakini mtu na ligi yake.

"Sawa, uongo umekwisha," akasema. "Ila tuseme kweli, wajomba hatufichani. Huko Elimu si ndiko wanakoingia wote?"

Dokta akamshika Mikono mkono, mbele ya mama, mbele ya mjomba, wala hakuinama.

"Mimi nilijaribu, mjomba. Sikuingia."