Meza Moja, Sheria Mbili

Kila nikitoka shule hupitia chumba cha kufulia cha hospitali ya serikali, nikakaa juu ya furushi la mashuka nikimsubiri mama. Yeye na mama mdogo hupiga pasi meza moja, wakitaniana kutwa. Mama ameajiriwa na serikali, mama mdogo na kampuni ya usafi. Mimi niliona kazi ni ile ile tu.

Jumatano moja nilitoa karatasi ya kliniki ya macho. Nilitakiwa kwenda kesho yake na mzazi. Nikikosa, nafasi nyingine ni baada ya miezi mitatu, na mtihani ungenikuta ubao bado nauona ukungu mtupu.

"Hii umepewa lini?" mama aliuliza.

"Ijumaa."

"Ijumaa! Ukakaa nayo kimya?"

"Si uombe ruhusa kesho asubuhi? Mama mdogo mwanawe alipougua aliomba asubuhi, akapewa hapo hapo!"

Mama aliweka pasi pembeni. Alisema yeye huomba ruhusa kwa barua, siku tano kabla. Nilichanganyikiwa, hasira zikanipanda. Meza moja, mashuka yale yale, mmoja apewe mwingine anyimwe? Huo si uonevu? Nikaangua kilio bila haya.

"Wee, usitulowanishie mashuka!" alisema mama mdogo. "Sikiliza. Sisi wa kampuni, chama chetu cha wafanyakazi kilikaa na mwajiri, wakabishana, wakatia saini mkataba wa pamoja. Ruhusa ya dharura imo humo. Mama yako ni mtumishi wa umma. Masharti yake yamewekwa na sheria, mkataba wetu haumhusu."

"Basi wewe una bahati."

"Bahati gani! Kampuni ikinyang'anywa kazi hii, nami naenda nyumbani. Mama yako haondolewi kirahisi hivyo."

Nikazidi kuchanganyikiwa. Sasa nani kapata na nani kakosa?

Mama alikwenda kwa msimamizi, akarudi anahema. Kanuni zilimruhusu kubadilishana zamu na mtumishi mwenzake, naye wa zamu ya jioni alikuwa amekubali kutia saini ya kubadilishana, hivyo asubuhi mama angenipeleka kliniki. Nilimkumbatia kabla hajaishika tena pasi yake.

Wiki mbili baadaye niliingia mle na miwani puani. Ukutani, juu ya furushi langu, palikuwa na tangazo: WATUMISHI WA UMMA, OMBENI RUHUSA SIKU TANO KABLA.

"Kumbe liko hapa!"

"Tangu hujazaliwa," mama alisema. "Hukuweza kulisoma, kwa hilo sikulaumu. Lakini mimi nilikuwa hapa kila siku, na mdomo unao. Ukiona mwenzako amepewa, usidhani nawe utapewa vivyo hivyo. Uliza haki yako imeandikwa wapi, na uulize mapema."

Nikafungua begi, nikampa karatasi ya mkutano wa wazazi. Mkutano wenyewe ulikuwa mwezi ujao.