Matone Kabla ya Ntheo

Siku Mutie alipopitisha waya wa spika juu ya meza ya Wayua, soko la Kitui lilikuwa limefurika, na Wayua alikuwa na sare kumi na mbili za kwaya za kumaliza kabla ya saa kumi. Mutie, fundi wa vyombo vya mikutano ya injili, aliuvuta waya wake bila kuangalia, na satini ya zambarau ikaanguka vumbini. Wayua hakupiga kelele. Alichukua mkasi akaukata waya katikati. Bahati nzuri haukuwa umechomekwa.

"Aiya! Dada, umekata waya yangu!"

"Nimekata ile ilikuwa juu ya meza yangu. Ile ingine ni yako, beba."

"Na mhubiri ataongea na nini?"

"Na mdomo. Si ndiyo Mungu alimpa?"

Mutie alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la vitambaa. Kesho yake akarudi na suruali iliyotoboka mfuko. Keshokutwa, shati jeupe lisilo na kifungo.

"Hii umeing'oa mwenyewe," Wayua alisema.

"Sasa nifanyeje, mrembo? Fundi wenyewe hawaonekani bila sababu."

Mambo yakaenda mbio. Mwaka haukuisha kabla Wayua hajapata mimba, na wote wawili walifurahi wala hawakuficha. Ntheo ikapangwa Jumamosi. Mutie na wazee wake wangepeleka mbuzi kwa kina Wayua, Mbumbuni, na kwa Mkamba, mbuzi hao wakishapokelewa, binti ni mke wa mtu na hakuna wa kumwuliza tena.

Jumatatu ya wiki hiyo, mimba ikiwa ya wiki tisa, Wayua aliamka akaona matone kwenye nguo yake ya ndani. Machache tu, mekundu ya kufifia, halafu ya hudhurungi. Alinunua pedi, akaivaa, akabadilisha, akapanga kwenda kliniki mara tu atakapompima nguo Mbithe, mamake Mutie, ambaye tayari alikuwa njiani kutoka Kwa Vonza.

Mbithe alifika nyumbani kwa Wayua na leso yake ya kichwani imefungwa barabara. Aliomba bafu. Alipotoka, uso ulikuwa umefungwa kuliko hata leso. Chai aliikataa, na akaondoka kabla hajapimwa mikono.

Simu ya Mutie ilimkuta Wayua kwenye foleni ya kliniki.

"Mpenzi, nataka kukuuliza kitu, na usikasirike."

"Ukianza hivyo nishakasirika."

"Mum ameona pedi kwa bafu yako. Imetumika. Anasema mwanamke ako na mimba hatumii pedi."

"Na wewe unasema nini?"

Mutie alinyamaza. Wayua aliusikia ukimya ule kifuani, na ulimuuma kuliko maneno ya Mbithe.

"Anasema mbuzi zingoje kidogo," Mutie alisema mwishowe. "Tumbo ikionekana, tutakuja."

"Kumbe mnakuja kuoa tumbo."

"Si hivyo, bebi..."

"Mutie, niko kliniki. Natoka damu. Wewe ndiye mtu wa kwanza nilitaka kuambia. Sasa usinipigie."

Alikata simu. Wanawake kwenye benchi walijifanya hawakusikia. Wayua alikaa wima na hakufuta machozi, atakaye kuyaona na ayaone.

Muuguzi aliitwa Kalunde, mama mnene mwenye sauti ya chini. Aliuliza damu ni kiasi gani, ina rangi gani, kama kuna maumivu. Alimpima, akatoa damu kidogo ya kujua kundi lake, akampeleka kupigwa picha ya tumbo. Kwenye kioo, kitu kidogo kilikuwa kikipigapiga. Ulikuwa moyo.

"Sista, nimekosea wapi? Ni cherehani? Nakanyaga kutwa nzima."

"Achana na cherehani. Mimba ikiingia, mlango wa kizazi unakuwa laini na kujaa damu. Ukiguswa kidogo, unatoa matone. Mlilala na mzee juzi?"

Wayua aliangalia ukuta. "Jumamosi."

"Basi labda ni hiyo. Haimuumizi mtoto. Kwa wajawazito wanne, karibu mmoja huona damu miezi ya kwanza, na wengi wanajifungua salama. Lakini sikuapii. Moyo tumeuona, hiyo ni dalili nzuri. Pumzika, na uvae pedi tujue inatoka kiasi gani. Ikijaa kwa saa moja, ama itoke mabonge, ama tumbo liume sana, hasa upande mmoja, ama usikie kizunguzungu, usingoje kupambazuke. Kuja."

"Kwa hivyo mwenye mimba anaweza kuvaa pedi?"

"Si mimi ndiyo nimekuagiza?"

Wayua alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. Alifunga kibanda chake cha sokoni akaenda kwao Mbumbuni. Mutie alipiga simu mara ishirini. Hakuna hata moja iliyopokelewa.

Jumamosi saa nne, mbuzi walisikika kabla ya watu. Mutie alikuja na wazee wawili, na nyuma yao Mbithe. Wayua alisimama getini katika gauni la manjano alilojishonea, mkono juu ya komeo.

"Wayua, fungulia wageni," babake alisema.

"Bado, baba."

Mutie alivua kofia. "Nilienda kliniki. Sista alikataa kabisa kunipa habari zako. Nikamwambia basi anifundishe za wanawake wote. Nilikaa huko saa nzima, Wayua. Nisamehe. Nilinyamaza pahali pa kusema."

Moyo wa Wayua ulimruka, maana alimpenda sana mtu huyu. Lakini hakufungua.

"Jana niliona matone tena. Leo hakuna. Kesho sijui. Hii mimba ikitoka Jumatatu, mtarudi kudai mbuzi?"

Wazee walitazamana. Mbithe akafungua mdomo.

"Mum, ngoja," Mutie alisema, kisha akapaza sauti hadi majirani wakasikia. "Mbuzi ni za Wayua! Mtoto akikaa, tutashukuru. Asipokaa, tutalia pamoja, mimi na yeye, na mbuzi zitabaki hapa zikizaa."

Machozi yalimshuka Wayua. Akamgeukia mkwewe. "Na wewe, mama?"

Mbithe alihangaika na leso yake. "Sisi hatukufundishwa hayo," alisema polepole. "Tuliambiwa ukiona damu, hakuna mimba. Ndivyo nilijua."

"Sasa umejua vingine," Wayua alisema, akafungua geti.