Doa la Rangi kwenye Skrubu

"Mvua imekatika. Kunja mwavuli."

Sauti ya Mkuu ilitoka kwenye redio ya Motorola, kavu kama karatasi. Kwa mtu wa kawaida hayo yalikuwa maneno ya hali ya hewa. Kwa jasusi aliyejulikana idarani kwa jina la Patasi yalikuwa amri: kesi imefungwa, ondoka hapo.

Patasi hakuondoka.

Alikuwa amepiga magoti kwenye kifusi cha nyumba ya ibada, kibano mkononi. Siku tatu zilizopita waumini arobaini na mmoja walikufa mahali hapo, vichwa vyao vikiwa vimeinama. Bomu lilifichwa ndani ya spika. Spika ilikuwa mali ya fundi mmoja wa vyombo vya sauti, na jana Patasi mwenyewe alimfuata karakanani, akamtia pingu mbele ya mkewe na kumkabidhi kwa mhojaji wa idara. Kazi safi. Pongezi zilimiminika.

Sasa kibano kilishika skrubu, na skrubu ile ilimnyima raha.

Kichwa chake chote kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu; zile alizoziona jana karakanani zilikuwa na doa dogo tu.

"Patasi, umenipata?"

"Nimekupata, Mzee. Naukunja."

Akazima redio, akaingia kwenye Land Cruiser, akakanyaga mafuta.

Chumba cha mahojiano kilikuwa chini ya ardhi: meza moja, ndoo moja, taa isiyozimwa. Mhojaji, pandikizi la mtu mwenye miwani ya kusomea, alikuwa anakunywa soda taratibu. Fundi alifungwa kwenye kiti. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimevimba na kupinda ovyo.

"Karibu, shujaa," mhojaji alisema. "Mgeni wako mbishi. Nimeambiwa saini yake ipatikane kabla ya saa sita, naye anajifanya hajui kuandika."

"Kwa mkono huu?" fundi alinong'ona. "Labda uniandikie wewe, bosi. Una mwandiko mzuri."

Patasi akachuchumaa mbele yake, akamwonyesha skrubu.

"Hii ni yako?"

Fundi akaikodolea jicho moja. Lingine lilikuwa limefumba.

"Skrubu ni yangu. Rangi si yangu."

"Eleza."

"Mimi natumia rangi ya kucha ya mke wangu. Kila siku tunagombana kwa ajili yake. Naweka doa moja, nusu kwenye skrubu, nusu kwenye mbao. Mtu akiizungusha, doa linakatika, najua kuna mkono mwingine umepita. Huyu amepaka kichwa kizima. Alidhani ni urembo."

Mhojaji akacheka puani. Patasi hakucheka.

"Spika ilikuwa wapi kabla ya ibada?"

"Tulipokuwa tunapaka rangi ukumbi wa ibada, tajiri wa mbao alituhifadhia ghalani kwake. Spika zote mbili. Wiki nzima."

"Mbili?"

"Zinakwenda pamoja, kaka. Pacha."

"Ya pili iko wapi?"

Fundi akafungua mdomo, kisha uso ukamsawajika.

"Siku ya ibada ilibaki karakanani, juzi nikaiazimisha. Uwanjani. Kwa maziko ya leo."

Patasi akatazama saa yake ya Seiko. Saa tatu na dakika thelathini na nane. Maziko ya waumini yalipangwa saa nne kamili. Watu elfu tano.

Akasimama, akamgeukia mhojaji. "Usimguse mpaka nirudi."

"Amri yako au ya Mkuu?"

"Yangu."

"Basi haina muhuri."

"Kaka," fundi alisema, na safari hii hakuwa na mzaha, "usiniache na huyu."

Kumfungua kungehitaji kibali. Kibali kingehitaji saa nzima.

"Nusu saa," Patasi alisema. "Nakuahidi."

Akapanda ngazi mbili mbili.

Hakuita polisi wa uwanjani. Bomu la kwanza lililipuliwa kwa simu. Kama umati ungetawanywa, mwenye simu angebonyeza. Ilibidi aingie kama mfiwa.

Saa tatu na dakika hamsini na sita.

Majeneza yalikuwa yamepangwa safu nne. Spika ilikuwa juu ya stuli, hatua kumi kutoka kwa wajane. Patasi akapita kati ya watu akisema samahani, samahani, pole sana. Nyuma ya spika akachutama, akatoa mfukoni kifaa cha kuziba mawimbi ya simu, kidogo kama pakiti ya sigara. Akakiwasha.

Skrubu nne. Zote nyekundu kichwa kizima.

Bisibisi ikazunguka. Ya kwanza. Ya pili. Jasho likamwingia machoni. Ya tatu. Ya nne.

Kifuniko kikatoka.

Ndani kulikuwa na baruti iliyofungwa pamoja na misumari, waya mbili na simu ya Nokia.

Akakata waya moja. Akakata ya pili; waya ya sauti ikakatika pamoja nayo.

Spika ikanyamaza katikati ya sala. Watu waliendelea kuinamisha vichwa.

Isipokuwa mmoja.

Kijana mwenye koti la kijivu alikuwa anabonyeza simu yake. Akaitikisa. Akabonyeza tena, huku akiitazama spika.

Patasi alimfikia kabla hajageuka. Mdomo wa Beretta ukamgusa mbavuni.

"Mtandao unasumbua, eh?"

Nyuma ya ukuta wa uwanja kijana alitapika maneno yote bila kuguswa.

"Ni tajiri wa mbao. Askari wote wameletwa mjini kulinda nyumba za ibada. Mpakani hakuna mtu. Malori yake ya magendo yanapita tu."

"Kwa hiyo dini haimo?"

"Dini gani, mkubwa? Ni njia tu."

"Yuko wapi?"

"Amepanda ndege alfajiri."

Patasi akamfunga pingu kwenye nguzo, akawasha redio.

"Mzee, la pili nimelitegua. Mtu ninaye, katumwa na tajiri wa mbao. Fundi hana kosa, mwambie mhojaji amfungue sasa hivi."



"Kazi nzuri, Patasi. Lakini fundi amekiri."

"Lini?"

"Kabla hajafa. Saa nne na dakika mbili. Moyo."

Patasi akaegemea ukuta.

"Vidole vyake vilikuwa vimevunjika, Mzee. Amesaini kwa kutumia nini?"

"Dole gumba. Linatosha kisheria. Huyo uliyemkamata tutamwandika msaidizi wake. Na huyo tajiri usimtaje tena redioni. Ana marafiki kunizidi mimi."

Redio ikakatika.

Patasi akarudisha Beretta kiunoni na kufunga kifungo cha koti. Akarudi akipita kati ya umati. Bila spika sauti ya kiongozi wa ibada haikufika nyuma. Bibi mmoja mwenye fimbo akamshika mkono.

"Baba, huko mbele wanasemaje? Huku hatusikii kitu."

"Wanawaombea marehemu, mama."

"Afadhali. Na yule fundi, redio imesema amekiri. Mungu amlaani."

"Hakukiri."

"We! Umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyemkamata."

Bibi akauachia mkono wake kama aliyeungua. Patasi akamwinamia kwa heshima, akaendelea kutembea kuelekea kwenye gari, bila haraka.