Kiitikio cha Bessa

Askari wawili walikuwa nyuma yake. Shemasi Horioni hakugeuka.

Akakata kona ya uchochoro wa wafumaji, akaruka beseni la rangi, akawapoteza, akajitoma ndani ya karakana bila hodi. Kiganjani alikuwa na kigae chenye maneno matano:

Mmoja wa wapagazi wako msaliti.

Aleksandria yote ilikuwa ikimsaka askofu aliyekataa kukiri kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa. Askofu huyo alikuwa chumba cha ndani, tayari amekunjwa ndani ya tenga la kitani. Akikamatwa, haioni jioni.

Wapagazi wawili, Kopre na Bessa, walikuwa wakila dengu.

"Shemasi, umepitia kwa kinyozi?" Kopre aliuliza.

"Kwa mama yako. Kasema uoge."

Bessa alicheka. Alicheka sana.

"Shukuruni, tuondoke," alisema Horioni.

"Utukufu kwa Baba pamoja na Mwana," alisema Kopre.

"Pamoja na Mwana," alisema Bessa.

Wazushi, hao wanaomsaka askofu, husema "kwa njia ya Mwana". Hawa hawakuteleza. Horioni hakuridhika. Neno hufundishwa, na jasusi hulikariri.

"Inueni."

Tenga likapanda mabegani. Mzigo ulipowaelemea, Horioni akaanza kuimbia puani wimbo wa makuli wa bandarini, ule ambao wazushi waliutia mafundisho yao.

Kopre alishtuka. "We shemasi! Wimbo huo?"

Bessa alikuwa akihema. Mdomo ukaitikia wenyewe:

"Palikuwa na wakati, Mwana hakuwapo."

Horioni alimgeukia.

"Kaka, ni mazoea tu ya..."

Mkono wake ukaenda kiunoni. Kisu cha Horioni kilikuwa kimeshafika kooni.

"Wanatungoja wapi?"

"Lango la Jua."

"Wangapi?"

"Kikosi kizima."

Wakamfunga kwa kitani chenyewe, mdomo na miguu. Horioni akashika nafasi yake chini ya tenga.

Lango la Mwezi lilikuwa na mlinzi mmoja, anapiga miayo.

"Mna nini humo?"

"Sanda. Za waliokufa kwa tauni. Fungua utazame."

"Piteni! Piteni upesi!"

Ng'ambo ya lango, ziwani, askofu alipanda mashua akijinyoosha mgongo.

"Mmemuua?"

"Hapana, Baba. Amefungwa tu."

"Basi twende wote."

"Nina kazi mjini."

Horioni akajikung'uta vumbi, akauzunguka ukuta. Akaingia kwa Lango la Jua, taratibu, katikati ya kikosi kilichokuwa bado kinangoja tenga, si mtu mmoja mikono mitupu.

"Jua kali leo," akawaambia.