Mkono Ulioshusha Homa

Jumatatu ile ilianza kama Jumatatu zote za mtu asiye na kazi: kwa chai na matusi ya chini kwa chini. Digrii, maana hilo ndilo jina mtaa ulilompa siku aliporudi na joho la kukodi, na mwaka wa nne sasa jina halijachuja, alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya kaka yake akisoma barua pepe nyingine ya "We regret to inform you." Wanasikitika! Watu hawakujui, sura yako hawajaiona, lakini wanasikitika. Nyuma yake cherehani ya wifi yake ilikuwa inakimbia, trrrr, sketi za shule zimepangana hadi usawa wa dirisha.

"Wamekuchukua, wifi?" mshonaji aliuliza bila kuinua macho.

"Wamesikitika."

"Basi njoo usikitike na hivi vifungo. Kazi ipo, mshahara chai."

Wakacheka. Wapo mawifi wa paka na panya. Hawa walikuwa chanda na pete. Mtaa mzima ulilitamka jina la Digrii kama kejeli. Mke wa kaka yake peke yake alilitamka kama cheo.

Saa sita, jua likichoma bati mpaka linalia, wifi aliomba sweta.

"Wewe una homa."

"Uchovu tu. Nimalize huu mzigo kwanza."

Mzigo haukumalizwa. Jioni meno yalikuwa yanagongana. Akameza vidonge vya kutuliza homa, akalala. Asubuhi ya Jumanne mwili wake ukiusogelea tu, joto linakupiga usoni kama umefungua tanuri. Mama yake mzazi akaitwa, akafika na mfuko wake wa nguo na amri zake. Kaka, fundi wa kuchomelea mageti, akaacha kazi, akawa anazunguka uani kama kuku aliyepotelewa na yai. Chumbani hakuingia mkwewe akiwemo. Heshima.

Sasa, Digrii hakuwa daktari. Lakini chuo kilimpeleka kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye zahanati moja, wiki nane, na kwa kuwa hakuna aliyempa kazi ya kufanya, alikalia benchi lililotazamana na bango la ukutani. Alilisoma mpaka likamkaa kichwani kuliko vitabu vyote vya miaka mitatu. Homa kali na mgonjwa hawezi kunywa. Homa na anatapika kila anachomeza. Homa na anapumua mbio, shingo imekaza, anaweweseka, anashikwa na degedege, haamki vizuri. Moja tu kati ya hizo ikitokea, neno lilikuwa moja, kwa herufi nyekundu: USISUBIRI.

Mchana ule wifi alitapika maji. Akapewa tena, akatapika tena. Vidonge navyo vikarudi vizima vizima.

Digrii akatoka uani. "Kaka, hospitali. Sio kesho. Sasa hivi."

"Homa yenyewe ina siku moja tu..."

"Hakuna kinachokaa tumboni! Hata dawa zimerudi!"

Mama mkwe akatokeza mlangoni, kanga begani. "Mwanangu, kwani umesomea udaktari?"

"Maendeleo ya jamii, mama."

"Ahaa. Basi endeleza jamii. Chemsha maji."

Hata hivyo kaka alimpigia dereva teksi wa kona ya pili. Dereva akasema yuko njiani. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika chache.

Saa tisa kamili akaingia yule mama.

Si mzee, si kijana. Gauni la kijivu, kitambaa kichwani, hatua za mtu anayeijua nyumba. Alivua viatu mlangoni, akavipanga pamoja, visigino ukutani. Akamwambia kaka, "Hujambo, mkwe," akampita. Akamwambia mama mkwe, "Pole, mkwe mwenzangu," akampita. Hakuuliza mgonjwa yuko chumba gani.

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Akaweka kiganja juu ya paji la uso la mgonjwa.

Wifi akashusha pumzi ndefu. "Aaah." Kugongana kwa meno kukaisha hapo hapo. Mama mkwe akagusa shavu la mwanawe, akafumba macho kwa shukrani.

"Imeshuka," yule mama alinong'ona. "Mwacheni alale. Kesho asubuhi ndiyo mumpeleke, akiwa na nguvu."

Nje honi ikalia. Safari hii mama mkwe mwenyewe alitoka nje, akampisha kaka aingie kumgusa mkewe. Akamgusa. Akatabasamu mara ya kwanza tangu jana. Akaenda kumwomba radhi dereva, na gari likageuza. Digrii naye aligusa lile paji, akitamani awe amekosea. Lilikuwa baridi. Baridi kabisa. Akaona haya, elimu yake yote ikanywea kama puto lililotobolewa.

Hakuna aliyemwona mgeni akiondoka. Chai aliyotengewa muda mfupi uliopita ilikuwa imefanya utando mzito juu, kama chai ya siku tatu.

Jumatano paji lilikuwa bado la baridi. Lakini wifi alikuwa anashona. Amelala chali, vidole vinasukuma kitambaa kisichokuwepo, mguu unapiga pedali isiyokuwepo chini ya shuka.

"Wifi," Digrii alimwita. "Wifi, unanijua mimi?"

Macho yakapita juu yake yasitue. "Mwambie aondoe mkono."

"Nani?"

"Huyu. Mzito."

Kitandani hapakuwa na mtu mwingine.

Digrii akatoa simu, akatazama saa, akahesabu kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima. Mara arobaini na mbili. Vidole vya mikono na miguu vilikuwa vya barafu. Akataka kumwinua kichwa ampe maji. Shingo ikakataa kukunja. Maji yakamwagikia kwenye mto wa kulalia.

"Mama, hawezi kunywa. Shingo imekaza. Mimi hanijui. Anapumua mara arobaini na mbili!"

"Umehesabu?" Mama mkwe alicheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa la uoga. "Siku wakiajiri wahesabu pumzi, utapata. Mguse mwenyewe, binti. Homa imeisha. Hayo ni maruweruwe ya uchovu."

"Nimeshamgusa! Kwani paji la uso ndiyo mtu mzima?"

"Usinipandishie sauti."

Akamkimbilia kaka. Jitu zima, mabega ya kubeba vyuma, linalowasha moto wa kukata chuma bila kupepesa, limesimama kwenye kivuli cha ukuta linachuna ngozi ya kidole.

"Mama amesema tungoje kidogo," alisema. "Ni mwanawe, Digrii. Nikimpinga halafu likatokea jambo njiani, nitamtazamaje?"

"Na likitokea humu ndani?"

Akaendelea kuchuna kidole. Tazama basi jinsi mtu anavyokufa: katikati ya watu watatu wanaompenda, kila mmoja anamwogopa mwenzake. Digrii akajaribu kumbeba mwenyewe. Akamfikisha ukingoni mwa kitanda, uzito ukamshinda, akamrudisha. Akampigia dereva. Dereva alikuwa upande wa pili wa mji. "Nitafika kwenye saa tisa, dada." Majirani wanaume wote kazini. Wenye kazi, ndiyo.

Saa nane na nusu alimfuata mama mkwe bombani, akaongea kwa unyenyekevu hadi ulimi ukamwuma.

"Mama, nakuomba. Gari linakuja. Yule ndugu yako akija leo, mwambie asituzuie."

"Ndugu yangu yupi?"

"Yule mama wa jana."

Mama mkwe akamtazama. "Yule si shangazi yenu?"

Ndoo ikajaa. Ikafurika. Hakuna aliyefunga bomba.

"Mimi sina shangazi kama yule," Digrii alinong'ona.

Kaka alikuwa amesikia. Alikuja akiwa mwekundu wa macho. "Mimi nilijua ni wa kwenu, mama. Aliniita mkwe. Ningekuulizaje wewe, 'huyu ni nani'?"

"Na mimi aliniita mkwe mwenzangu. Ningewaulizaje nyinyi?"

Adabu. Adabu tupu. Watu watatu walikuwa wamemfungulia mlango, na kila mmoja alidhani amekaribishwa na mwingine.

Wakageuka kutazama nyumba.

Mlangoni palikuwa na viatu. Visigino ukutani.

Digrii alitangulia. Chumbani palikuwa na baridi. Saa tisa alasiri, chini ya bati, pumzi yake ikatoka na moshi.

Alikuwa ameketi pale pale. Kiganja kwenye paji. Wifi macho wazi, yanatazama dari. Vidole havikushona tena.

"Imeshuka," yule mama alinong'ona.

Kaka alisimama kizingitini. Hakuweza kuvuka. Mama mkwe akabaki nyuma yake, kanga mdomoni.

Digrii akapiga hatua. Moja. Nyingine. Akakishika kile kiganja kwa mkono wake wa kulia, akavuta. Hakikutoka. Kilikuwa kama kitu kilichosahauliwa ndani ya saruji. Akavuta tena, akilia. Mgeni hakushindana naye. Alimwinulia uso tu, akamwangalia kwa upole, kama mtu aliyepewa mkono wa salamu.

Halafu na yeye akamshika ule mkono.

Honi ikalia nje. Digrii akapepesa. Mkono wake ulikuwa umeshika hewa. Kitandani, alipokuwa ameketi mtu, shuka halikuwa na mkunjo.

Hapo ndipo homa ilipotoka ilikokuwa imefichwa. Yote. Ya siku tatu, kwa mpigo. Uso wa wifi ukaiva, mwili ukakakamaa, akaanza kutetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Kaka akapiga ukelele, akavuka kile kizingiti, akambeba. Mama mkwe akakimbia nyuma peku. Hakuna aliyemwogopa mtu tena. Sasa.

Hospitalini nesi alipachika kipimajoto kwapani, akakitoa, akakiangalia, akaleta kingine. Arobaini na moja na nusu.

"Siku ngapi hivi?"

"Ilikuwa imeshuka," mama mkwe alisema. "Jana tulimgusa, ilikuwa imeshuka."

Daktari, kijana wa umri wa Digrii, alikuwa tayari anatafuta mshipa wa kupitisha dripu. "Jana alikuwa anakunywa?"

Mama mkwe akaitazama miguu yake iliyo peku.

"Alikuwa anawatambua?"

"Jana ndiyo. Leo asubuhi hapana," Digrii alisema.

Daktari hakumkemea. Afadhali angemkemea. "Mtu asiyekunywa, anayetapika kila kitu, asiyewatambua watu wake, huyo haguswi paji la uso, dada. Huyo anakimbizwa. Hata akiwa wa baridi. Wakati mwingine hasa akiwa wa baridi."

"Nilijua," Digrii alisema. "Nilikuwa najua."

Wifi alifariki saa kumi na mbili kasorobo, kabla dripu ya pili haijafika nusu.

Msibani kila upande ulimtazama mwenzake usoni, ukimtafuta mtu mmoja ambaye hakuja. Kaka hajazungumza habari ile hadi leo. Mama mkwe, ukimtajia, anakwenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Sketi zilichukuliwa na fundi mwingine.

Digrii ndiye aliyebaki na kiganja.

Alikigundua wiki ya kwanza, kikombe cha chai kilipopoa mkononi mwake kabla hajakifikisha mdomoni. Mkono wa kulia, kuanzia kwenye mistari ya kiganja hadi ncha za vidole, barafu tupu. Alikiloweka kwenye maji ya moto. Yaliyopoa ni maji. Alikwenda kupimwa, wakamwambia damu inatembea vizuri, hana tatizo. Nothing wrong, wakaandika. Akaanza kutembea ameuficha mfukoni. Salamu akatoa kwa maneno, watu wakasema msomi ameanza maringo.

Mwezi wa pili, asubuhi moja, jirani yao msusi alikuja mbio, mtoto wake wa miaka miwili mgongoni, analia kilio kile chembamba kisicho na machozi.

"Digrii! Wewe si ulikuwa zahanati? Hebu mwangalie mwenzio. Anachemka tangu usiku."

Digrii akarudi nyuma, mkono mfukoni. "Ananyonya? Anakunywa?"

"Anatapika."

"Hospitali. Sasa hivi. Usikae, usimlaze, usimpe kitu, nenda!"

"Naenda, ndiyo naenda. Usinitishe, jamani. Nimetoka peku. Nishikie nikavae viatu."

"Usinipe! Mimi usini..."

Lakini mama mwenye haraka hasikii. Alikwisha mfungua, alikwisha msukuma kifuani kwake, na mtoto akawa anateleza. Mtu anamdakaje mtoto kwa mkono mmoja? Ukatoka mfukoni wenyewe. Digrii akaugeuza mkono, kiganja nje, akakiweka mbali kadiri bega lilivyoweza kwenda. Mtoto ndiye aliyeinamisha kichwa. Akakitafuta. Akalaza paji lake pale, akashusha pumzi, na kilio kikakatika.

Msusi akatoka ndani kwake mguu mmoja una kiatu. Akasikia ule ukimya. Akaja, akamgusa mwanawe shavuni, na uso wake wote ukalegea kwa furaha.

"Jamani! Kumbe mkono wako ni dawa."

Digrii alifungua mdomo apige kelele kwa nguvu zake zote. Kilichotoka kilikuwa mnong'ono: "Imeshuka."

Msusi akaketi kizingitini, akavua kile kiatu.