Nyumba Isiyo na Ndani

Duka la fotokopi lilifurika mpaka mlangoni. Mpiga pasi wa hoteli, aliyeshinda wima akinyoosha mashuka, sasa alisimama tena na karatasi za dawa za mama yake. Mbele yake kijana mwenye shati la bluu lililotapakaa gundi alimsumbua mwenye mashine.

"Matofali yametoka makubwa. Yapunguze, yawe madogo kama punje ya mchele."

"Kwani unawajengea panya?" mpiga pasi akadakia. Alikuwa amechoka mno hata asione haya.

Kijana akageuka, akacheka. Alikuwa fundi wa vijumba vya kadi, vile vya kuonyesha wanunuzi nyumba ambazo bado hazijajengwa. Matofali, vigae, hata mapazia ya madirishani, vyote huchapwa kwenye karatasi na kubandikwa. Tatizo, karatasi ikionja gundi hujikunja.

"Ifunike kitambaa, upitishe pasi ya uvuguvugu," mpiga pasi akamwambia. "Lete siku moja nikuonyeshe."

Fundi akaleta karatasi, akaleta na maneno matamu. Ikawa kila mpiga pasi akitoka kazini simu inalia.

"Umefika, laazizi?"

"Mimi nimefika. Miguu bado iko njiani."

"Ningekuwepo ningeikanda."

"Wewe? Si ungeniachia gundi tu!"

Jumapili moja fundi alimwita karakanani kwake. Binti alikwenda amevaa gauni la njano, lile pekee analojipigia pasi mwenyewe. Mezani palikuwa na nyumba ya kadi, paa jekundu, kibaraza, mlango wa kijani. Jamani, ilipendeza!

"Ni yetu hii," fundi akasema. "Nataka nikuoe, tuijenge kweli."

Binti akainama, akachungulia dirisha moja moja. Mapazia ya karatasi yalimzuia kuona ndani.

"Mama atalala wapi?"

Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja, na kila alfajiri ni yeye wa kumwinua. Fundi akacheka. "Haina ndani, mpenzi. Ni boksi tupu!"

Kicheko kile kilimchoma. Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Simu zililia mpaka akachoka kuzikata. Akapokea.

"Mchumba wangu wa kwanza alitaka nimtupie kaka yangu mama. Wewe hata chumba hukumfikiria."

"Sikumfikiria, kweli. Wanunuzi hutazama nje tu, na mimi nimezoea hivyo."

"Basi baki na mazoea yako."

Alimpenda, tusidanganyane. Alilia juu ya foronya za wageni, akasingizia mvuke wa pasi.

Jumamosi mlango wa kwao ukabishwa. Fundi alisimama kakumbatia ile nyumba, paa limekatwa ovyo kwa kisu, macho mekundu. Hakumtazama binti kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akajibu kwa taabu.

Akapiga magoti, akaiweka nyumba miguuni pake, akatoa vipande vya kadi. "Nimejenga kuta za nje nikajiona nimemaliza. Nisamehe. Chumba chako kiwe wapi?"

Mama akanyoosha mkono wake mzima, akagusa kona.

"Hapo patakuwa karibu na choo," binti akaeleza. Hasira nayo ilikuwa imemchosha. Akaketi sakafuni kando ya fundi.

"Na chetu?" fundi akauliza.

"Ubavuni pake. Ukuta uwe mwembamba, nimsikie akiita. Usiku huamka mara nyingi, nakwambia mapema."

Fundi akaupima ukuta, akaukata.

"Basi tutapokezana," akasema.