Ndege ya Kutoka Guangzhou

Kila jioni Apondi alifua sare yake, akaianika uani, kisha akaketi kwenye ngazi za nyumba yao mtaani Ziwani, Nairobi, na kusahihisha hesabu za wenzake. Hakuna aliyemwomba.

"Huyu naye hugawanya kama anayekatakata sukuma wiki," alisema, huku akichora alama ya X kwa kalamu nyekundu.

Juma hilo nyumba ilijaa waombolezaji. Baba mdogo Austine alikuwa amefariki Guangzhou, Uchina, alikokuwa akisoma. Jeneza lake lilikuwa linaletwa kwa ndege. Dani, nyanya yake Apondi, alisisitiza jambo moja tu: "Mwanangu asipokewe na wageni. Anikute pale."

"Ndege inatoka huko saa saba usiku wa kuamkia Ijumaa," alisema Phares, babake Apondi. "Bingwa wa hesabu, itafika lini?"

Apondi hakusita. "Ni kilomita elfu nane na mia nane. Ndege huenda mia nane kwa saa, basi ni saa kumi na moja angani. Itatua saa sita mchana."

Phares akawaandikia jamaa na kwaya ya kanisa wakutane uwanja wa ndege saa tano.

Habon, mwanafunzi mwenzake Apondi kutoka Eastleigh, alikuwa ameleta chupa ya chai na pole za nyumbani kwao. Akamnong'oneza Apondi, "Mama hupanda ndege hiyo akitoka kununua leso za kuuza. Siku za likizo hunikuta bado nakunywa chai ya asubuhi."

Apondi alicheka puani. "Wewe uliyepata kumi na nane kwa hamsini? Au mamako ana ndege yake ya mbio? Hesabu ni hesabu, dada. Nenda ukauze leso."

 Habon alitoa simu, akampigia mama yake, ambaye juma hilo alikuwa huko huko Guangzhou, na kuongeza sauti ili Apondi naye asikie.

"Hooyo, huko ni saa ngapi?"

"Saa nne usiku. Nimeshalala, mwanangu. Kuna nini?"

Apondi akatazama uani. Jua la saa kumi na moja jioni lilikuwa bado linawaka juu ya sare yake, maji yakidondoka.

Akahesabu upya. Guangzhou ilikuwa mbele kwa saa tano! Ndege ikipaa huko saa saba usiku, Nairobi itakuwa saa mbili tu za usiku, nayo itatua saa moja asubuhi. Dani angefika akute jeneza limeshapokewa na wabeba mizigo.

Apondi angeweza kusema ratiba imebadilishwa. Ni Habon pekee angejua. Lakini mlangoni aliviona viatu vya Dani, vimepakwa rangi tayari kwa safari.

"Baba," alisema mbele ya watu wote, "nimekosea. Ni saa moja asubuhi. Habon aliniambia, nami nikamdharau, nikamtuma akauze leso."

Ijumaa, mlango wa mizigo ulipofunguliwa, Dani alikuwa amesimama pale. Aliweka kiganja juu ya jeneza. "Umefika, Austine," akasema.

Njiani kurudi alimgeukia mjukuu wake. "Kugawanya unajua, Apondi. Ila akili inayowacheka watu ni jembe lisilo na mpini: linameta, halilimi. Leo nimempokea mwanangu kwa sababu ya msichana uliyemtuma akauze leso. Hiyo dharau sitaki kuiona tena nyumbani kwangu."

Jioni hiyo Apondi hakugusa kalamu nyekundu. Aliosha chupa ya chai ya akina Habon, akaikausha vizuri, akashika njia ya Eastleigh.